Kahawa, Kuku na Mahakama: Mahali pa Kupigania Biashara ya Haki

Nimehudhuria mikutano mingi ya asasi za kiraia kuhusu biashara ya kimataifa, na kwa sehemu kubwa mikutano hiyo hufanana: ukumbi wa hoteli, bango lenye nembo za wafadhili, wataalamu wachache mezani, chai ya saa nne, na mwishoni tamko la kurasa mbili linalosomwa mbele ya kamera na kuwataka wahusika wachukue hatua. Sijawahi kuona tamko la namna hiyo likibadilisha hata kifungu kimoja cha mkataba wowote. Wahusika wanaotajwa hawamo ukumbini, na hata kama wangekuwamo, hakuna chochote ambacho wangepoteza kwa kulisikiliza na kuondoka.

Tatizo lenyewe silipuuzi. Nimekulia Kagera, katika kibanja cha migomba na mibuni iliyochanganyika, na butura niliijua kabla sijajua kusoma: mkulima aliyebanwa na ada au matibabu anauza buni ikiwa bado ua mtini, kwa bei anayoipanga mnunuzi. Kijijini wengi huishia kumlaumu mlanguzi, lakini mlanguzi huyo ni kituo cha mwisho cha safari ndefu. Hadi Julai 1989 Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa uligawa kiasi ambacho kila nchi ingeweza kuuza, ili soko lisifurike na bei isiporomoke. Mgawo huo ulipositishwa mwaka huo, bei ikaanguka, na anguko hilo likashuka ngazi kwa ngazi hadi kwenye vibanja vya watu ambao hawakuwahi kusikia kwamba kuna shirika la kahawa lenye makao yake London.

Hapo ndipo wanaharakati wa biashara wanapopata taabu kuliko wenzao wa maji au ardhi. Maamuzi hufanyika mbali, kwa lugha ya vifungu na asilimia, na maumivu hufika nyumbani yakiwa yamebadilika sura, yakaonekana kama uvivu wa mkulima au roho mbaya ya jirani mwenye mizani. Kwa sababu hiyo, ninapoulizwa kuhusu ubunifu katika kampeni za biashara ya haki, sianzi na fulana, ngoma wala mabango. Huuliza ni mahali gani kifungu kile kinaweza kushikwa na mtu wa kawaida, na ni nani katika mnyororo mzima mwenye kitu anachoogopa kukipoteza. Aliyeyajibu maswali hayo mawili vizuri hata akiandamana kimya atasikika.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Kameruni. Walaji wa Ulaya hupenda zaidi kidari cha kuku, na makampuni ya huko yakishauza vidari kwa bei nzuri hubakiwa na mapaja, mabawa na shingo, ambavyo huweza kuuzwa Afrika kwa bei ya chini sana kwa kuwa gharama za ufugaji zimekwisha kurudi. Kuku wa kugandishwa walioingia Kameruni walikuwa chini ya tani 1,000 mwaka 1996. Kufikia mwaka 2003 walizidi tani 20,000. Wafugaji wadogo waliokopa ili kujenga mabanda walifilisika, na pamoja nao wakaanguka waliokuwa wakiwauzia mahindi, vifaranga na mbao. Mtaalamu wa kilimo aitwaye Bernard Njonga, aliyeanzisha chama cha wananchi cha ACDIC mwaka 2003, angeweza kuandika makala kuhusu ushuru wa forodha na kanuni za Shirika la Biashara Duniani, na makala hiyo ingesomwa na watu wale wale waliokwisha kukubaliana naye.

Yeye na wenzake walifanya jambo jingine. Walikusanya sampuli za kuku kutoka masokoni na kuzipeleka katika maabara ya Kituo cha Pasteur mjini Yaoundé, na majibu yakarudi kwamba zaidi ya asilimia 80 hawakufaa kuliwa na binadamu. Sababu haikuwa lazima ubaya wa kuku alipotoka kiwandani. Kuku alishuka bandarini Douala akiwa barafu, akasafirishwa kwa magari yasiyo na ubaridi, akayeyuka, akagandishwa tena, akaishia juani kwenye meza ya mchuuzi. Watu wakaanza kumwita kuku wa kifo. Baada ya hapo hapakuwa na haja ya kumweleza mama yeyote maana ya ushuru wa forodha, kwa sababu biashara ya kimataifa ilikuwa imekwisha kuingia katika sufuria yake. Serikali ilibanwa hadi ikapunguza vibali, ikaongeza kodi, na kufikia mwaka 2006 uingizaji ulikuwa umezuiwa. Hofu ya mafua ya ndege nayo ilisaidia, sitaki kumpa Njonga sifa isiyokuwa yake peke yake.

Jambo linalonivutia zaidi ni jinsi walivyousoma mlango ulioachwa wazi. Nchi inayopandisha ushuru ghafla huitwa mbele ya wakopeshaji na wabia wake kujieleza, lakini kanuni hizo hizo za biashara duniani zinairuhusu kulinda afya ya watu wake ikiwa ina ushahidi wa kisayansi. ACDIC walitafuta ushahidi kwanza, kelele zikafuata. Njia hii ina hatari yake, nayo ni kwamba siku atakapoletwa kuku safi kwenye gari lenye ubaridi hoja ya afya itakufa, na ndiyo maana kampeni haikuishia kwenye maabara bali iliendelea kuzungumza kuhusu ajira, mahindi na vifaranga. Kwetu nimeona mara nyingi watu wakifanya kinyume chake: wanaanza na hoja ya mwisho, ile ya mfumo wa dunia, halafu wanashangaa kwa nini muuza genge hawasikilizi.

Ethiopia nao walipata mahali pao, na safari hii palikuwa kwenye jina. Kahawa za Sidamo, Harar na Yirgacheffe zilikuwa zikiuzwa kwa fahari katika maduka ya Marekani. Starbucks iliwahi kuuza aina moja ya Sidamo kwa dola 26 kwa ratili, wakati mkulima aliyeipanda alikuwa akipata kiasi kidogo sana cha fedha hiyo. Mwaka 2005 serikali ya Ethiopia iliomba majina hayo matatu yasajiliwe Marekani kama alama zake za biashara, na chama cha wafanyabiashara wa kahawa wa huko kikapinga. Kesi ya namna hiyo kwa kawaida hufia katika makabrasha ya mawakili wa hakimiliki. Shirika la misaada la Oxfam liliigeuza kuwa swali ambalo mnywaji kahawa wa Seattle au London angeweza kulijibu akiwa amesimama kwenye foleni: je, jina la mahali ni la nani? Watu zaidi ya 90,000 waliiandikia kampuni hiyo. Wengine walijipiga picha wakiwa wameshika karatasi za kuwaunga mkono wakulima na kuzisambaza mtandaoni. Kampuni ilipotoa video ya kujitetea, wanaharakati nao wakajibu kwa video yao siku chache tu baadaye.

Juni 2007 pande mbili zilitia saini makubaliano. Ethiopia haikudai malipo kwa kila gunia. Ilitoa leseni bila ada, ikitaka jina likubalike kuwa lake na lienee, ili baadaye lipandishe bei. Wapo wanaosema huo ulikuwa ushindi wa karatasi, na ni kweli kwamba jina peke yake halimlipii mkulima mbolea. Hata hivyo nauona mbinu bora kuliko maandamano mengi niliyoyasikia, kwa sababu waliotafuta mahali pa kubana hawakwenda kwenye wizara ya biashara ya Marekani, ambayo haina sababu ya kuwajali wakulima wa Yirgacheffe. Walikwenda kwa kampuni inayouza, pamoja na kahawa, sifa ya kuwa na utu. Sifa hiyo ndiyo iliyokuwa hatarini. Vilevile madai yalikuwa ya Waethiopia wenyewe, yaliyoandaliwa na ofisi yao ya hakimiliki Addis Ababa. Wageni walikopesha sauti tu.

Mavazi na vichekesho navyo vina nafasi, ingawa nadhani tunavipa sifa kupita kiasi. Picha inayokumbukwa zaidi ya maandamano ya Novemba 30, 1999, kwenye mkutano wa Shirika la Biashara Duniani mjini Seattle, ni ya mamia ya watu waliovaa magamba ya kasa yaliyotengenezwa kwa maboksi, wakipinga uamuzi wa shirika hilo dhidi ya sheria ya Marekani iliyozuia kamba wanaovuliwa kwa nyavu zinazoua kasa. Kuigeuza hukumu ya kurasa mamia kuwa gamba la boksi ni kazi ya akili nyingi. Lakini walioshtaki katika shauri lile walikuwa India, Malaysia, Pakistan na Thailand, kwa ajili ya wavuvi na wasafirishaji wao, kwa hiyo vazi lililoonekana kuwatetea wanyonge wa dunia lilikuwa, kwa macho ya mvuvi wa kamba wa huko, vazi la mshindani. Na mkutano ule haukuvunjwa na kasa peke yao. Ndani ya ukumbi wajumbe wa Afrika, waliochoka kufungiwa nje ya vyumba vidogo ambamo wakubwa walikuwa wakipatana, walisema wazi kwamba hawataunga mkono makubaliano wasiyoshiriki kuyaandaa, na Marekani na Ulaya nazo hazikuwa zimeelewana.

Wakulima wa Korea Kusini waliokwenda Hong Kong Desemba 2005 kupinga mkutano mwingine wa shirika hilo walinigusa zaidi. Wakazi wa mji walikuwa wametishwa kwa wiki kadhaa kwamba watu wakali wanakuja, na miaka miwili kabla, Cancún, Mexico, mkulima wa Kikorea Lee Kyung-hae alikuwa amejiua kwenye uzio wa mkutano. Wageni hao walifika, wakatembea barabarani hatua tatu kisha wakasujudu, hatua tatu tena wakasujudu, mwendo wa saa nyingi, kwa desturi ya toba ya Kibudha. Wengine walijitosa baharini wakiwa na makoti ya kuokolea na kuogelea kuelekea jengo la mkutano. Baadaye yalitokea mapambano na polisi na wengi wakakamatwa, lakini wakazi waliokuwa na hofu walikuwa wamekwisha kuanza kuwaletea maji na kuwashangilia. Mwili wa mzee wa miaka sitini unaosujudu kwenye lami haukuhitaji mkalimani.

Sasa nirudi kwetu, ambako mahali palipojaribiwa kwa uvumilivu kuliko pote ni mahakama. Ninazungumzia EPA, yaani Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi na Umoja wa Ulaya, wa kufunguliana masoko, wala si ile kashfa ya EPA ya Benki Kuu iliyotikisa nchi yetu mwaka 2008. Januari 2007 Jukwaa la Kijamii la Dunia, mkusanyiko wa wanaharakati, lilifanyika Kasarani, Nairobi, na EPA ililaaniwa katika mahema mengi, huku nje ya lango wakazi wa mitaa ya mabanda wakigombea kuingia kwa sababu kiingilio kilikuwa shilingi 500 za Kenya na chakula cha ndani kiliwashinda bei. Mwishowe lango lilifunguliwa na watoto wa mitaani wakavamia banda la chakula. Kwangu mimi hilo ndilo lililokuwa tendo la biashara ya haki lenye mantiki kuliko yote katika wiki ile, ingawa halikuingia kwenye tamko.

Mwaka huo huo Jukwaa la Wakulima Wadogo wa Kenya, likisaidiwa na asasi ya haki za binadamu, lilifungua shauri katika Mahakama Kuu ya Nairobi. Wakulima hawakudai tu kwamba mkataba ni mbaya. Walidai kwamba serikali inajadili riziki yao bila kuwauliza. Shauri lilikaa miaka sita, na katikati ya kusubiri Kenya ikapata Katiba mpya ya mwaka 2010 inayoutaja ushiriki wa wananchi kuwa miongoni mwa tunu za taifa. Oktoba 2013 mahakama ilitoa hukumu: haikuyasimamisha majadiliano, lakini iliiagiza serikali iweke utaratibu wa kuwahusisha wadau, wakiwamo wakulima wadogo, na kuruhusu mjadala wa wazi. Mtu akitazama yaliyofuata anaweza kusema walishindwa. Kenya na Rwanda zilitia saini Septemba 2016. Tanzania ilikataa, Mzee Benjamin Mkapa akiwa ameandika hadharani kwa nini mkataba ule haukuifaa. Na mwisho Kenya ikaingia peke yake, ikatia saini Desemba 2023, mkataba ukaanza kutumika Julai 1, 2024.

Siwalaumu Wakenya kama baadhi ya wenzangu wanavyofanya. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi ziko kwenye kundi la nchi zilizo nyuma zaidi kimaendeleo, kwa hiyo bidhaa zake huingia Ulaya bila ushuru hata zisipotia saini chochote. Kenya haimo katika kundi hilo, na kati ya Oktoba na Desemba 2014 maua yake yalitozwa ushuru kwa sababu mkataba ulikuwa haujakamilika. Mfanyakazi wa mashamba ya maua ya Naivasha aliyekuwa akihesabu siku za kibarua chake alikuwa na sababu ya kuwa na mawazo tofauti na mfugaji wa ng'ombe wa maziwa aliyehofia unga wa maziwa wa Ulaya. Kampeni ya EPA haikuwahi kuwakutanisha hawa wawili ipasavyo, na hapo ndipo ninapoona ubunifu ulipopungua. Tulikuwa na wanasheria wazuri na wachumi wazuri, lakini hatukuwa na mtu wa kuwakalisha mchuma maua na mfugaji kwenye mkeka mmoja.

Mji mdogo wa Garstang, Lancashire, Uingereza, uliwahi kufanya kitu kinachokaribiana na hicho. Daktari wa mifugo Bruce Crowther alihangaika kwa miaka kuwashawishi wenye maduka na migahawa wauze bidhaa za biashara ya haki bila kufanikiwa. Mwaka 2000 aliwaalika meya, wafanyabiashara, viongozi wa makanisa na wa shule kwenye chakula kilichopikwa kwa bidhaa za biashara ya haki pamoja na mazao ya wakulima wa hapo hapo, ambao nao walikuwa wakilalamikia bei ya maziwa. Mkulima wa kakao wa Ghana na mfugaji wa Lancashire wakaonekana kuwa na ugonjwa mmoja. Mkutano wa hadhara uliutangaza mji huo kuwa wa kwanza duniani wa biashara ya haki, ukafunga udugu na New Koforidua ya Ghana, na leo miji ya namna hiyo imepita 2,000. Nina mashaka na vibandiko vya biashara ya haki kwenye pakiti. Faida yake kwa mkulima mara nyingi ni ndogo kuliko inavyotangazwa. Lakini sikatai kwamba fedha za nyongeza za mauzo hayo zilikisaidia chama kikuu cha ushirika cha KCU cha Bukoba kununua hisa katika kiwanda cha kahawa cha Tanica, na hisa za kiwanda ni kitu kingine kabisa kuliko shukrani za mlaji.

Mitumba ndiyo inayotushinda wote, kwa sababu inatuvalisha. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoamua mwaka 2016 kuiondoa hatua kwa hatua, chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu cha Marekani kililalamika kwa serikali yao kwamba ajira 40,000 za huko zingepotea. Kenya ilirudi nyuma haraka, Tanzania na Uganda zikafuata, na Rwanda iliyoshikilia msimamo ikasimamishiwa nafuu ya AGOA, mpango wa Marekani wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, kwa nguo zake Julai 2018. Sikumbuki maandamano yoyote makubwa ya kuitetea Rwanda mitaani kwetu, na sishangai: machinga wa mitumba wa soko la Karume, Dar es Salaam, angeandamana kutetea nini? Jibu la ubunifu zaidi lilitoka kwa wasanii. Mwaka 2022 kundi la The Nest Collective la Nairobi lilipeleka marobota ya mitumba Kassel, Ujerumani, likayapanga kuwa jengo katikati ya bustani ya maonyesho ya sanaa ya documenta, likayarudisha kwa mtumaji. Mjerumani alilazimika kuingia ndani ya nguo zake mwenyewe ili kuwasikiliza watu wa Afrika Mashariki wakizungumza kwenye video.

Tungeweza kufanya mengi kwa vyombo tulivyo navyo. Kanga ina historia ya kusema yasiyosemeka, na ujumbe wake hupita sokoni, msibani na harusini bila kibali cha mkuu wa polisi. Mimi ningeandika «Buni yangu wachukua, kikombe waniuzia», nikaigawa katika kila chama cha msingi kuanzia Karagwe hadi Rombo. Ngonjera, ambazo Mathias Mnyampala alizifanya kuwa chombo cha kuelezea sera za Ujamaa, zinaweza kubeba majibizano ya mkulima na mnunuzi wa Hamburg mbele ya wanafunzi wasiopata fursa ya kusoma mkataba. Ushirika wenye hisa katika kampuni unaweza kumtuma mwanachama wake asimame kwenye mkutano mkuu wa wanahisa na kuuliza swali mbele ya wote.

Lakini mahali ninapopatazama kwa hamu zaidi sasa ni penye mambo ya kuchosha kabisa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu ukataji wa misitu inataka kila shehena ya kahawa, kakao, mawese na bidhaa nyingine kadhaa ionyeshe viwianishi, yaani namba za ramani, vya shamba ilikotoka, ili ithibitishwe kwamba hapakuwa na msitu uliokatwa baada ya Desemba 31, 2020. Utekelezaji wake umekwisha kuahirishwa zaidi ya mara moja, na wanaharakati wengi wa kwetu wameishia kulalamika kwamba ni mzigo mpya kwa mkulima mwenye robo ekari, jambo ambalo ni kweli. Mimi naona pia kitu kingine. Vijana wa vijijini wenye simu wanaweza kupima vibanja vyote vya chama cha msingi wao wenyewe, na ramani zikawekwa mikononi mwa chama badala ya kukusanywa na wapimaji wa msafirishaji na kubaki kwenye kompyuta zake. Vyama vinapaswa kuamua mapema, kwa kura ya mkutano mkuu, nani anayezitunza na kwa masharti gani zinatolewa, kwa sababu mnunuzi wa Ulaya hataweza kuingiza hata gunia moja bila viwianishi hivyo, na kwa mara ya kwanza tangu nikumbuke mkulima wa Kagera atakuwa ameshika kitu ambacho mnunuzi anakihitaji kabla bei haijatajwa.